Tunampakia Mtoto Nini Kwenye Mkate?

 

Asubuhi nyumba nyingi huamkia chai na mkate. Mkate mweupe peke yake hushibisha tu. Unachopaka juu yake ndicho huongeza kitu, au huharibu.

Tuanze na jemu. Zaidi ya nusu ya mkebe huwa ni sukari, kwa hivyo usiihesabu kama tunda. Majarini nayo ni mafuta. Nyingi huongezwa vitamini A, inayosaidia macho ya mtoto. Soma lebo, kisha paka kidogo.

Siagi ya njugu inashinda hizo mbili. Kijiko kimoja cha mezani kina takriban gramu 4 za protini, kuliko slesi yenyewe ya mkate. Lakini ni nzito, na fundo lake hukwama kooni. Kwa mtoto aliyepita miezi sita, koroga kidogo ndani ya uji. Akikua, paka nyembamba. Siku ya kwanza mwangalie. Akivimba midomo, akitoka vipele au akipumua kwa shida, mkimbize hospitali.

Ukisagiwa njugu sokoni, zichague wewe mwenyewe kabla hazijaingia mashineni. Njugu zisizokauka vizuri huota kuvu, na kuvu hiyo hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Kukaanga hakuimalizi, na kusaga huificha. Mwaka wa 2004, huko Ukambani, zaidi ya watu 100 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo hiyo. Tupa zilizokunjamana, zilizobadilika rangi na zenye uchungu. Wala usiwamwagie kuku. Wewe ndiwe utakayekula mayai.

Na avokado je? Wakati wa msimu ni rahisi kupata, haina sukari ya kuongezwa, na mafuta yake ni mazuri. Chagua iliyoiva, iponde kwa uma, kamulia ndimu kidogo isiwe nyeusi, paka. Mimi sioni sababu ya kununua jemu wakati avokado zimejaa sokoni.

Sasa asali. Hapa, mama, ongeza sauti ya redio.

Mtoto ambaye hajatimiza miezi 12 asilambe asali hata kidogo: si kwenye mkate, si kwenye uji, si kwa kidole, si kwa kikohozi. Hata iwe asali safi kutoka Baringo. Inaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo kuchemsha kwa jikoni hakuziui. Tumbo la mtu mzima huzishinda, lakini ndani ya utumbo wa mtoto mchanga huota na kutoa sumu inayolegeza misuli. Nyanya, sikukosei heshima. Najua umelea wengi, na kulambisha mtoto asali ni desturi ya zamani. Asali yako mwekee hadi atimize mwaka.

Ikiwa amekwisha kulamba, angalia: amefunga choo, ananyonya kwa udhaifu, kilio kimekuwa hafifu, kope zinashuka, shingo imelegea. Usingoje kesho. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, na umwambie daktari alilamba asali na ni siku gani. Usifiche kwa kuogopa kulaumiwa. Bila kuambiwa hivyo, daktari aweza kupoteza muda akitafuta ugonjwa mwingine.