Antena Kwanza, Vituo Baadaye

Maneno ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za sharika na wafadhili



Mbele yetu kuna maombi ya sharika tatu zinazotaka kuunganishwa na mtandao wetu usio na waya. Katika mtandao huu hakuna mnara mkuu; kila kituo hupokea ujumbe wa jirani na kuupeleka mbele, mpaka ufike hospitali. Fedha zilizopo zinatosha jambo moja: kuongeza vituo, au kuongeza antena kwenye vituo tulivyo navyo. Naomba tuanze na antena.

Nakiri kosa langu. Nilidhani kila kituo kipya kinaongeza nguvu. Sivyo. Vituo vyetu vyote vinatumia masafa yale yale, kama watu waliokaa chumba kimoja: mmoja akisema, wa karibu hunyamaza. Tena redio moja haiwezi kupokea na kutuma kwa wakati mmoja, hivyo ujumbe ukipitia kituo kimoja cha kati, kasi hushuka hadi nusu. Mwaka 2000 Piyush Gupta na P. R. Kumar wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walionyesha kwa hesabu kwamba vituo vikiongezeka mara nne, fungu la kila kimoja hushuka hadi nusu hivi, au chini zaidi. Ndiyo sababu zahanati ya mwisho husubiri sana picha ya eksirei imfikie daktari.

Antena husaidia kwa njia mbili. Kwanza, antena elekezi hutupa mawimbi upande mmoja, kama tochi badala ya karabai. Majirani huweza kuzungumza bila kukatizana. Pili, antena kadhaa kila upande hubeba mikondo tofauti ya data kwa masafa yale yale. Gerard Foschini wa maabara za Bell alilieleza hilo mwaka 1996, na kanuni za wifi za mwaka 2009 ziliruhusu hadi mikondo minne. Pale vituo vinapoonana bila kizuizi faida hupungua, kwa hiyo hufungwa antena mbili, moja imesimama na nyingine imelala, kila moja na mkondo wake.

Huko Berlin, Ujerumani, mtandao wa wananchi uitwao Freifunk, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, umefunga antena elekezi kwenye minara ya makanisa. Hizo hubeba mzigo wa mbali, na vituo vidogo vya nyumbani huhudumia mtaa.

Gharama ipo: redio zikiongezeka, umeme wa sola huliwa zaidi. Kila usharika ukague betri zake kabla ya mafundi kufika.

Sharika tatu hatujazisahau. Tukiziunganisha leo, nazo zitasubiri, na zahanati itasubiri zaidi. Tafadhali jadilini, mlete jibu katika kikao kijacho.