Kitabu cha Hesabu Kisomwe na Wote



Kila Diwali sisi Wagujarati huviweka vitabu vya hesabu mbele ya Lakshmi na Saraswati na kuomba mwaka wa heri. Lakini katika vitabu vya duka letu zimo alama za dole gumba za akina mama wanaoteremka na mboga kutoka vijijini. Walitia dole bila kuweza kusoma tulichoandika, walituamini tu. Imani hiyo ni heshima kwetu, tena ni mzigo.

Wako wasemao: huko mabondeni mtandao haupatikani, simu itafundisha nini? Tukumbuke mwaka 1973. Kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwafikia watu wapatao milioni 2 kwa redio, vijitabu na vikundi vya majadiliano. Leo masomo ya sauti na picha huhifadhiwa katika kadi ndogo ya simu, yakafunguliwa hata pasipo intaneti. Redio ilihitaji viongozi wa vikundi. Simu nayo itahitaji mwalimu, kalamu na daftari.

Basi tunaahidi: siku za soko, kadi za akina mama zitajazwa masomo dukani kwetu bila malipo. Nanyi waumini tunawaomba ukumbi wa hekalu uwe darasa lao.

Diwali ijayo, tuone walau jina moja lililoandikwa badala ya dole gumba. Hapo kitabu chetu kitastahili baraka.