JE, ELIMU YA JAMII NI SAYANSI?



Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baad.

Imezoeleka miongoni mwetu kauli kwamba sayansi ni fizikia, kemia na baiolojia tu, na kwamba anayesoma uchumi, saikolojia au elimu ya jamii amekwenda kusoma maneno matupu. Kwa kauli hii mzazi humvunja moyo mwanawe. Kwa kauli hii pia kamati zetu huamua mambo ya watu kwa kukisia, zikidhani kuwa mambo hayo hayapimiki. Je, kauli hii ni sahihi?

Kwanza, tujiulize sayansi ni nini. Haitambulikani kwa chupa za maabara wala koti jeupe. Mwanafalaki hawezi kuliweka jua katika maabara, lakini hutaja siku na saa ya kupatwa kwake. Sayansi ni njia: kutoa dai linaloweza kupimwa, kulipima kwa uwazi, na kuliacha pindi ushahidi unapolikataa.

Pili, njia hiyo si ngeni kwetu. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, aliandika Muqaddima mwaka 1377 na kuasisi humo elimu ya umran, yaani elimu ya mkusanyiko wa wanadamu. Alikuta wanahistoria, akiwemo al-Mas'udi, wakisimulia kuwa jeshi la Bani Israil zama za Nabii Musa (a.s.) lilifikia watu 600,000 au zaidi. Hakutosheka na umaarufu wa wasimulizi. Aliuliza: jeshi kubwa kiasi hicho lingepangwaje vitani, ilhali upande mmoja hauwezi kujua yanayoupata upande wa pili? Na kizazi cha Nabii Yaaqub (a.s.) kingeongezekaje hivyo kwa muda mfupi? Akaikataa idadi hiyo. Hayo yalikuwa zaidi ya karne nne kabla ya Auguste Comte wa Ufaransa kueneza jina la sosholojia.

Tatu, tutazame mfano wa karibu. Mwaka 1998, huko Busia, magharibi mwa Kenya, shule za msingi 75 ziligawanywa katika makundi matatu, na dawa za minyoo zikatolewa kwa zamu, kundi moja baada ya jingine. Hivyo waliopata waliweza kulinganishwa na waliokuwa bado wakingoja. Wanauchumi Edward Miguel na Michael Kremer walichapisha matokeo mwaka 2004: utoro ulipungua kwa takriban robo, lakini alama za mitihani hazikupanda. Hilo la pili hawakulificha. Mwaka 2015 watafiti wengine walizipitia upya takwimu zilezile, wakaonesha makosa katika hesabu, na mjadala mkali ukazuka. Mtu anaweza kusema: basi wameumbuka! La hasha. Dai linaloweza kukaguliwa na asiyelipenda ndilo dai la kisayansi.

Nne, tusipindukie mpaka. Mwanadamu ana hiari, na hubadilika anapojua kuwa anatazamwa. Mwaka huohuo wa 2015 ilitangazwa kwamba tafiti 100 za saikolojia zilirudiwa, na ni kiasi cha theluthi moja tu zilizotoa tena matokeo yaliyo wazi. Kwa hiyo si kila kinachoitwa utafiti ni ushahidi. Tuulize: waliulizwa watu wangapi? Walichaguliwaje? Nani amerudia? Aidha, takwimu hueleza watu wanafanya nini. Hazihalalishi wala haziharamishi.

Ndugu zangu, tumeamrishwa kuhakikisha habari kabla ya kuzitendea kazi. Vijana wanapoacha madrasa, mmoja husema ni televisheni, mwingine husema ni wazazi, na kikao humalizika kwa lawama. Tuwahesabu. Tujue wameacha wakiwa na umri gani na mwezi gani. Tuwaulize wenyewe. Kisha tubadilishe jambo moja, kama vile saa ya darsa, katika baadhi ya madrasa, na tuhesabu tena. Na kijana anayetaka kusomea kazi hiyo chuoni tumuunge mkono, kwani umma unamhitaji kama unavyomhitaji daktari.

Wabillahi tawfiq.