Jino la Bandia Likibanduka



Mtu anunuapo meno ya bandia hutazama weupe wake na jinsi yanavyomkaa kinywani. Ni wachache waulizao meno hayo yameshikanaje na ufizi wa bandia unaoyabeba. Jambo hilo si dogo. Jino likibanduka wakati wa kula laweza kumezwa au, vibaya zaidi, kuingia katika njia ya hewa. Na akriliki ya kawaida haionekani vizuri katika picha ya eksirei.

Ufizi wa bandia kwa kawaida hutengenezwa kwa akriliki, iliyoanza kutumika kwa kazi hiyo katika miaka ya 1930. Unga na kimiminika chake huchanganywa kuwa donge, donge hushindiliwa katika kalibu yenye meno, kisha hupikwa majini kwa saa kadhaa. Ikiwa meno nayo ni ya akriliki, kimiminika hicho hupenya kidogo katika kitako cha jino, na viwili hivyo huungana. Meno ya kauri hayaungani hivyo. Hushikiliwa kwa vipini vya madini au kwa matundu. Nailoni, itumikayo kwa meno ya bandia yanayopindika, nayo haiungani na jino. Fundi hana budi kulitoboa ili nailoni iingie na kulifunga.

Hata akriliki kwa akriliki, muungano huharibiwa na uzembe mdogo. Meno hupangwa kwanza juu ya nta. Nta hiyo isipoondolewa kabisa kwa maji yachemkayo na sabuni, utando wake hubaki kati ya jino na ufizi. Dawa ipakwayo kwenye plasta ili akriliki isigandame nayo, ikiligusa jino, huleta hasara ileile.

Basi jino likibanduka, litazameni. Likitoka zima na kuacha shimo laini lenye umbo lake, hiyo ni dalili kwamba halikushikana vyema. Likivunjika na kuacha kipande ndani ya ufizi, muungano ulikuwa na nguvu kuliko jino lenyewe, na huenda chanzo ni pigo au kuanguka. Kwa hiyo msikubali kuambiwa kwamba mmetafuna vibaya kabla jino halijachunguzwa.

Msilitupe jino hilo, wala msilirudishe kwa gundi ya dukani. Gundi hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya kinywa, tena hufuta dalili nilizozitaja na kumzuia fundi kuunganisha upya. Acheni kuyavaa meno hayo, yapelekeni kliniki pamoja na jino na risiti. Jino likimezwa, au likimpalia mtu, aende hospitali mara moja na aseme wazi kilichotokea.

Kabla ya kulipa, ulizeni mambo matatu: meno ni ya kitu gani, ufizi ni wa kitu gani, na jino likibanduka ni nani atakayegharamia matengenezo na kwa muda gani. Majibu yaandikwe kwenye risiti. Fundi aliyeifanya kazi yake kwa uangalifu hana sababu ya kuogopa maswali hayo.