Wanafunzi waliofukuza watoto (Marko 10:13-16)

 

Tarehe 5 ya mwezi wa kumi ni siku ya walimu duniani kote. UNESCO iliiweka tangu mwaka 1994. Hapa kwetu Congo tuna pia siku yetu ya mashule, tarehe 30 ya mwezi wa nne. Siku hizo tunajua kuzifanya. Tunawasimamisha walimu mbele ya kanisa, tunawapigia makofi, kwaya inaimba, tunawaombea, wanarudi kuketi. Kisha siku ya kwanza asubuhi mwalimu anaenda kazini, na nyumbani ameacha hakuna sabuni. Leo sitawasimamisha. Walimu, mkae mpumzike. Leo ninataka kusema na sisi wengine, na nitaanza na mimi mwenyewe.

Habari ya Marko 10 mnaijua. Wazazi walileta watoto wao kwa Yesu awaguse, na kuna watu waliowazuia. Angalieni vizuri ni nani waliozuia. Si Mafarisayo. Si askari wa Roma. Ni wanafunzi wake mwenyewe, watu wa nyumbani, waliofikiri kwamba wanafanya kazi vizuri na wanalinda utaratibu. Na Marko anasema wazi kwamba Yesu alikasirika.

Mimi nilikuwa mmoja wa wanafunzi wale. Kabla ya kwenda kwenye Chuo cha Biblia nilikuwa mwalimu. Nilisoma pedagojia, nikafanya staji mbele ya watoto huku mwalimu wangu akiandika makosa yangu nyuma ya darasa, nikapita mtihani wa Serikali, nikapata ile diploma tunayoiita D6. Nilipewa darasa la tano katika shule moja ya msingi. Nilikuwa kijana, na nilipenda kazi ile kuliko ninavyoweza kuwaeleza.

Ninyi mliokuwa na watoto wakati ule mnakumbuka prime. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, Serikali iliposhindwa kulipa walimu, wazazi ndio waliobeba shule mgongoni. Kila mwezi mtoto alileta feza. Bila feza hizo mwalimu hakupata unga. Kwa hiyo mwisho wa mwezi direkta alileta listi, na mwenye darasa ndiye aliyeisoma. Fulani, simama. Fulani, simama. Chukueni madaftari yenu, mwende nyumbani. Kitendo kile kilikuwa na jina, hata watoto wadogo walilijua: kufukuza.

Kulikuwa na msichana mmoja aliyeketi benchi ya mbele. Hesabu za sehemu, nusu na robo na moja ya nane, zile zinazowachosha wengi, yeye alizimaliza kabla sijafuta ubao, akageuka kuwaeleza wenzake. Mama yake aliuza makala. Nilisoma jina lake mara ya kwanza, akarudi baada ya siku tatu. Nilisoma mara ya pili, akarudi baada ya juma moja. Mara ya tatu hakurudi. Nyumba yao niliijua. Kutoka shuleni ni dakika 15 kwa mguu. Sikwenda. Nilijiambia kwamba kazi yangu inaishia mlangoni mwa darasa, na kwamba mimi pia nina njaa. Neno hilo la pili lilikuwa kweli, wapendwa. Nilikuwa na njaa.

Miaka ilipita. Nilikuwa tayari mchungaji, nimesimama soko la Kadutu natafuta mtu wa kunibebea mfuko wa unga. Akaja mama mmoja na kamba yake ya kubebea, ile inayovutwa kwenye paji la uso. Alinitambua kabla sijamtambua. Hakuniita Mchungaji. Aliniita Mwalimu. Alibeba mfuko, tukapanda mlima, tukafika, nikamlipa. Hakunilaumu kwa neno lolote. Aliniambia tu kwamba bado anajua hesabu, na mtu akitaka kumpunja anamkamata mara moja.

Usiku ule sikulala.

Sasa mtasema, Mchungaji, mambo yale yalikwisha, siku hizi masomo ya msingi ni bure. Ndiyo, na tumshukuru Mungu. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, ilisema kwamba masomo ya msingi ni ya lazima, na ni bure katika shule za Serikali. Tulingoja mpaka mwezi wa tisa mwaka 2019 ndipo tukaona inaanza kutendeka. Watoto waliokuwa wanauza maji na mandazi walirudi darasani. Mtu asiwadanganye kwamba hilo lilikuwa jambo dogo.

Lakini tazameni lililofuata. Benchi ya watoto watatu ikawa ya watoto watano. Na prime ilipoondolewa, kuna walimu waliobaki bila kitu kabisa. Katika kanisa hili mnao, wanaketi karibu nanyi. Wa kwanza ni yule anayeitwa NU, yaani amepewa darasa lakini Serikali haijampa namba. Wa pili ni NP: namba anayo, mshahara hana. Mtu anaweza kuamka kila siku, akaandaa masomo, akajaza jurnali ya darasa, akapokea enspekta, akasahihisha madaftari usiku, mwaka wa kwanza, mwaka wa tatu, hata zaidi, akingoja jina lake litokee. Wengine wanaacha. Wengine wanafundisha asubuhi na alasiri wanasukuma mkokoteni. Halafu sisi tunashangaa kwa nini mwalimu amechoka.

Hapo ndipo tunapenda kusema neno wito. Ualimu ni wito, tunasema, Mungu atawalipa. Ninaogopa neno hilo linapotoka kinywani mwa mtu aliyekula. Mimi pia nina wito, lakini mnaniletea sadaka, na mwezi sadaka ikipungua ninajua kulitaja jambo hilo mimbarani! Someni nyumbani Yakobo sura ya 5, mstari wa 4. Yakobo anasema juu ya mshahara uliozuiliwa, na anasema kwamba kilio cha wale waliofanya kazi kimefika masikioni mwa Bwana. Hasemi kwamba walikosa wito.

Na tusinyooshe kidole kwa Kinshasa peke yake. Tangu mapatano ya mwaka 1977 kati ya Serikali na makanisa, mashule mengi ya nchi hii yamewekwa mikononi mwa makanisa kuyaongoza, ya Wakatoliki, ya Waprotestanti, ya Wakimbanguisti. Mshahara ni wa Serikali, lakini uongozi wa kila siku ni wetu. Ubao ukiwa umetoboka, ni sisi tunaopita hapo kila siku.

Vijana wanakuja kwangu kuombewa. Mmoja anataka kuwa daktari, mwingine kazi ya duwane, mwingine ONG, mwingine visa. Ninawaombea wote. Katika miaka yangu yote ya uchungaji, wazazi walioniambia, Mchungaji, ombea mtoto wetu awe mwalimu, ninaweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Pedagojia tunampeleka mtoto aliyeshindwa kwingine. Tunawapa watoto wetu wadogo watu tuliowaambia kwamba hawafai kwa kitu kingine, kisha tunataka wafanye muujiza.

Na kazi yenyewe ni ngumu kuliko watu wanavyodhani. Mchukueni mtoto wa Walungu. Nyumbani anasema Mashi. Akifika shuleni, madarasa ya kwanza anafundishwa kusoma kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha kitabu, si kile cha sokoni. Hajakishika vizuri, Kifaransa kinaingia, na mtihani wa mwisho wa darasa la sita unamngoja kwa Kifaransa. Mtoto huyo akinyamaza, tunasema ni mjinga. Mwalimu mwema anajua kwamba si mjinga, anatafuta neno katika lugha ya tatu. Anamrudia polepole. Sasa fanyeni hivyo na watoto 70 mbele yenu.

Walimu, ninyi ndio mnaona kwanza. Mtoto anayelala kwenye benchi saa nne asubuhi, mara nyingi hakula tangu jana. Anayekosea kila anachonakili kutoka ubaoni, mjaribuni benchi ya mbele kabla ya kumchapa. Labda ni macho. Msichana anayekosa siku tatu kila mwezi, mwacheni mama mwalimu aongee naye pembeni. Na yule ambaye baba yake alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu Kamituga na hajarudi, ukimwambia lete mzazi wako, unamwambia asirudi tena. Eli alikuwa mzee na macho yake yalikuwa yamefifia, na mara mbili alimrudisha Samweli kulala. Lakini mara ya tatu alifahamu. Mimi nilisoma jina la yule msichana mara tatu na sikufahamu kitu.

Sijasema mbebe kila mtoto. Mwalimu ambaye hajalipwa hawezi kununua daftari la kila yatima. Ninachosema ni kwamba mtu anayeona awe na mahali pa kwenda kusema, na mahali hapo ni kanisa.

Katika Matendo 19 tunasoma kwamba Paulo, alipokataliwa katika sinagogi la Efeso, alihamia kwenye darasa la mtu mmoja aliyeitwa Tirano, akafundisha humo kila siku kwa miaka miwili. Biblia haituambii kama Tirano alilipwa. Tunajua tu kwamba Injili ililala kwenye chumba cha shule. Hata sisi, wazee wanakumbuka, kanisa hili lilianza katika darasa la kuazima. Leo tuna jengo letu, tuna mabenchi, tuna taa ya sola, na siku sita za juma tunafunga kwa kufuli. Nyumba chache nyuma yetu, mtoto wa darasa la sita anasomea chini ya mlingoti wa barabara, siku ambazo umeme umekuja.

Tumezungumza na baraza la wazee. Mzee mmoja aliniuliza, na mabenchi yakivunjika? Alikuwa na haki kuuliza, aliyachangia. Nilimjibu kwamba tuna maseremala wanne katika kanisa na hakuna hata mmoja aliyeombwa kitu tangu mwaka jana. Basi, kuanzia juma lijalo, siku ya pili na siku ya nne, saa tisa alasiri mpaka saa kumi na mbili, kanisa litakuwa wazi kwa marudio, na mtoto wa dini yoyote ataingia. Walimu wetu wawili walio NP watasimamia. Watapewa kitu kila mwisho wa mwezi kutoka mfuko wa kanisa, kabla ya kununua vyombo vipya vya kwaya. Wanakwaya, nisameheni. Gitaa ile bado inalia.

Na jambo la pili, ambalo kwangu ni zito zaidi. Masomo ya sekondari bado yanalipiwa, na huko listi bado zinasomwa. Prefe wa sekondari yetu ni mzee wa kanisa, tumekaa naye. Tumekubaliana kwamba kabla ya mtoto kurudishwa nyumbani, jina lake litakuja kwanza kwenye meza yetu, na tutakuwa na siku saba. Katika siku hizo mtu atakwenda nyumbani kwao, ataketi, atauliza. Nyumba nyingine tutakuta mzazi anazo feza, amezichelewesha tu, na tutamwambia hivyo usoni. Nyingine tutakuta mambo ambayo minervali ni ndogo kando yake.

Listi ya kwanza imekwisha kunifikia. Ina majina kumi na mawili. Sita ni wa kanisa hili. Siku ya posho nitaondoka hapa saa mbili asubuhi kwa miguu. Ninahitaji watu watatu wa kwenda nami, na mmoja wao awe mama. Mje mnione mlangoni baada ya ibada.