Mashujaa Nao Huugua: Tuwakumbuke Siku Zao za Kuzaliwa

Mazungumzo haya ni kwa ajili ya klabu za afya za vijana. Mnaweza kuyasoma kwa sauti kikundini, halafu mjadiliane maswali yaliyo mwishoni.



Leo sitaanza na ugonjwa, nitaanza na sherehe. Kila mmoja wetu ana shujaa wake. Wengine wamebandika picha zake ukutani, wengine wamejipa hata jina lake la utani pale kijiweni. Ukimwuliza kijana shujaa wake alizaliwa lini, anakutajia siku, mwezi na mwaka bila kukwama. Sasa mwulize: shujaa huyo alikufa kwa ugonjwa gani? Au kama yu hai, anatunzaje afya yake? Hapo utasikia kimya.

Hebu tuvunje huo ukimya. Nimechagua mashujaa wa besiboli, mchezo unaopendwa sana Marekani. Mashabiki wa besiboli ni watu wa tarehe na namba hasa. Siku ya kuzaliwa ya mchezaji wa zamani ikifika, watakuhesabia kila pigo alilopiga. Mchezo wenyewe ni hivi: mmoja anarusha mpira mdogo mgumu, mwingine anaupiga kwa gongo la mbao. Akiupiga ukavuka uzio wa uwanja, anazunguka vituo vyote vinne bila kusumbuliwa na mtu, na uwanja mzima unalipuka kwa shangwe.

Usidhani ni mchezo wa mbali sana. Mwaka 2012 timu ya watoto kutoka Lugazi, Uganda, ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Marekani.

Basi tufungue kalenda.

6 FEBRUARI: BABE RUTH

Babe Ruth alizaliwa mji wa Baltimore tarehe 6 Februari 1895. Cha kuchekesha ni kwamba mwenyewe hakujua! Kwa miaka mingi aliamini alizaliwa 7 Februari 1894. Mwaka 1934, alipokuwa akishughulikia paspoti ya kwenda Japani, ndipo cheti cha kuzaliwa kikasema vingine. Kwa hiyo wewe uliyeambiwa na bibi kwamba ulizaliwa "mwaka ule wa mvua nyingi, wakati wa mavuno", usione haya. Uko pamoja na wakubwa.

Ruth aliuvusha mpira uzio mara 714. Rekodi hiyo ilikaa mpaka mwaka 1974 ilipovunjwa na Hank Aaron. Lakini Ruth alikuwa pia mtu wa raha: kula bila kipimo, pombe, na tumbaku ya kuvuta na ya kutafuna. Mwaka 1946 alianza kuumwa kichwa upande wa jicho la kushoto. Madaktari wakagundua saratani nyuma ya pua, karibu na koo. Tarehe 27 Aprili 1947 viwanja vya besiboli vilifanya siku maalumu ya kumheshimu. Alisimama mbele ya maelfu ya watu kuwashukuru, sauti imekwaruza hata haitambuliki. Alifariki 16 Agosti 1948, ana miaka 53.

Hatuwezi kumpima Ruth leo tukasema tumbaku ndiyo iliyomwua. Lakini msikilize mwenzake, Tony Gwynn, aliyezaliwa 9 Mei 1960. Huyu alicheza misimu 20 katika timu moja tu, San Diego Padres, na kwa miaka mingi alikuwa akiweka tumbaku ya unga kwenye shavu lake. Akapata saratani ya tezi ya mate. Mwenyewe alisema anaamini ni ile tumbaku. Alifariki 16 Juni 2014, ana miaka 54. Tangu mwisho wa mwaka 2016, wachezaji wapya wanaoingia ligi kuu ya Marekani hawaruhusiwi kutumia tumbaku hiyo uwanjani.

Nawasikia baadhi yenu mkisema, "Mimi sivuti sigara, naweka ugoro tu, hauna moshi." Rafiki yangu, sumu haihitaji moshi. Tumbaku isiyo na moshi, iwe ugoro, iwe kuberi, huleta saratani ya kinywa, na nikotini yake inakufunga kamba vilevile. Ukiona kidonda au doa jeupe mdomoni ambalo wiki mbili au tatu zimepita halijapona, nenda zahanati. Usingoje liume.

19 JUNI: LOU GEHRIG

Lou Gehrig alizaliwa New York tarehe 19 Juni 1903. Watu walimwita Farasi wa Chuma. Tangu mwaka 1925 hadi 1939 alicheza mechi 2,130 mfululizo bila kukosa hata moja. Vidole vilivunjika, mgongo ukauma, yeye yumo uwanjani. Rekodi hiyo ilivunjwa na Cal Ripken mwaka 1995.

Kisha mwaka 1938 nguvu zikaanza kumwisha. Anapiga mpira, hauendi. Anakimbia, miguu haimtii. Akaenda hospitali ya Mayo, jimbo la Minnesota. Majibu aliyapata tarehe 19 Juni 1939, siku aliyotimiza miaka 36. Zawadi gani hiyo ya siku ya kuzaliwa! Ulikuwa ugonjwa unaoua mishipa ya fahamu inayoendesha misuli. Mgonjwa hulegea kidogo kidogo, mpaka kumeza na kupumua kunakuwa kazi. Wiki mbili baadaye, 4 Julai, aliwaaga mashabiki na kuwaambia kwamba anajiona mtu mwenye bahati kuliko wote duniani. Alifariki 2 Juni 1941.

Sikilizeni sasa jambo ambalo wengi hawalisimulii. Mwaka 1940 timu yake ya zamani, Yankees, ilikuwa inafungwa ovyo. Gazeti moja la New York likaandika kwamba huenda Gehrig amewaambukiza wenzake. Uongo mtupu! Ugonjwa ule hauambukizi. Gehrig alilishtaki gazeti, nalo likaomba radhi. Lakini fikiria maumivu yake: misuli inakwisha, na bado watu wanamwogopa.

Si unalijua jambo hilo? Ndivyo tulivyowafanyia wenye virusi vya UKIMWI. Sahani yake pembeni, kikombe chake pembeni, wakati VVU haviambukizi kwa kula pamoja wala kushikana mikono. Tena Gehrig hakuugua kwa kosa lolote. Mgonjwa hahitaji hakimu, anahitaji ndugu.

20 OKTOBA: MICKEY MANTLE

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu huyu anatuhusu sana sisi vijana.

Mickey Mantle alizaliwa Spavinaw, Oklahoma, tarehe 20 Oktoba 1931. Baba yake alikuwa mchimba madini ya risasi na zinki, na alipenda besiboli kuliko kitu chochote. Yeye na babu walimfundisha mtoto kupiga mpira kwa pande zote mbili, kulia na kushoto. Mwaka 1951, hajafika hata miaka 20, kijana yumo Yankees. Mpaka anastaafu alikuwa ameuvusha mpira uzio mara 536, na timu yake imechukua ubingwa mara saba akiwemo.

Mwaka 1952 baba yake alifariki kwa saratani ya tezi za mwili, ana miaka 40 tu. Wanaume wengine wa ukoo walikufa mapema pia. Kijana akajiambia: na mimi ni hivyohivyo, arobaini sifiki. Basi ya nini kujitunza? Ponda mali, kufa kwaja! Akanywa. Alikunywa baada ya mechi, safarini, na alipostaafu akazidisha.

Kwao gongo ni la kupigia mpira. Kwetu ukisema gongo kila mtu anajua unasema nini. Mantle alikuwa bingwa wa gongo la mkononi, lakini lile la chupani lilimpiga yeye.

Sasa ona mambo. Arobaini ikafika, hakufa. Hamsini ikafika, hakufa. Sitini nayo ikapita. Alizoea kutania kwamba angalijua ataishi muda mrefu hivyo, angalijitunza zaidi. Watu walicheka, lakini ule haukuwa utani. Mwaka 1994, ana miaka 62, alikwenda kwenye kituo cha kutibu ulevi na akaacha pombe. Vizuri sana, lakini ini lilikwisha kuchakaa. Pombe ikizidi miaka mingi, ini hujaa makovu na kushindwa kusafisha damu. Juu ya hapo alikuwa na homa ya ini aina C, na saratani ya ini. Tarehe 8 Juni 1995 alipandikizwa ini jingine. Mwezi uliofuata alikaa mbele ya waandishi wa habari, amekonda, akawaambia watoto wote waliomwona shujaa kwamba wasiwe kama yeye. Alifariki 13 Agosti 1995, ana miaka 63.

Vijana, mara ngapi tumesikia maneno kama ya Mantle? "Tutakufa tu." "Hata wasiokunywa wanakufa." Au yale ya kusema UKIMWI ni ajali kazini. Anayesema hivyo anadhani hatari ni kufa kesho. Lakini wengi wetu hatutakufa kesho. Tutaishi, tena kwa mwili huuhuu tunaouharibu leo. Na ile saratani ya baba yake Mantle, siku hizi wagonjwa wengi wanaotibiwa mapema hupona. Hofu ya ukoo isikufanye uache kujitunza. Ikufanye uwahi kupima.

WENGINE WA KUKUMBUKA

Tarehe 31 Januari tumkumbuke Jackie Robinson, aliyezaliwa 1919. Mwaka 1947 alikuwa mtu mweusi wa kwanza wa karne ya 20 kucheza ligi kuu ya besiboli, akatukanwa na kutishiwa kuuawa, na akavumilia. Kisukari kilimdhoofisha mpaka karibu kumpofusha. Alifariki mwaka 1972, ana miaka 53. Kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara, kukonda bila sababu: ukiona dalili hizo, kapime sukari.

Tarehe 14 Agosti, tutoke kidogo kwenye besiboli twende mpira wa kikapu. Magic Johnson alizaliwa 1959. Mwezi Novemba 1991 alitangaza kwamba ana VVU, na wengi wakamhesabia miezi. Mwaka 2019 alitimiza miaka 60! Alipima, akajua, akatumia dawa. Hilo ndilo pigo la kuvusha uzio.

Na 18 Julai ni siku ya Nelson Mandela, aliyezaliwa 1918. Mwaka 2005 mwanawe alipofariki, Mzee hakuficha, alisema wazi kwamba ni UKIMWI. Siku yake ya kuzaliwa watu huombwa kutoa dakika 67 kuwatumikia wengine, kwa miaka 67 aliyoitumikia jamii yake.

NA SIKU YAKO JE?

Keki si lazima. Kumwagiwa maji nako si lazima. Siku yako ya kuzaliwa ikifika, jipe zawadi tatu:

1. Nenda kituo cha afya. Pima shinikizo la damu, sukari na VVU. Majibu ni siri yako, na mshauri yupo wa kuzungumza naye.

2. Waulize wazazi, babu au bibi ni magonjwa gani yamo katika ukoo, kisha mwambie mganga wa kituo.

3. Mtembelee mgonjwa mmoja. Kaa naye, kula naye.

Kama hujui tarehe yako, chagua moja. Lakini usiache mwaka upite.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini Mantle aliamini hatafika miaka 40? Je, kuna vijana mtaani kwenu wanaofikiri hivyo?

2. Gazeti lilimsingizia Gehrig. Ni uvumi gani kuhusu wagonjwa umewahi kuusikia kwenu? Ungejibuje?

3. Shujaa wako akivuta sigara au kulewa hadharani, utaendelea kumpenda bila kumwiga? Utafanyaje?