Kanuni za Mahudhurio Siku za Mtihani: Tuzungumze Kabla Lango Halijafungwa

Hotuba ya Afisa Mkuu wa Elimu wa Kaunti kwa wanafunzi, wazazi na walimu wa shule moja ya upili ya kutwa, baada ya wanafunzi wa kidato cha nne kuwasilisha barua ya malalamiko katika afisi ya wadi.



Wanafunzi, barua yenu nimeisoma mara mbili. Haina tusi, haina vitisho, na imetiwa sahihi na viongozi wa baraza la wanafunzi. Mlitembea hadi afisi ya wadi, mkaikabidhi, mkarudi darasani. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuwasilisha malalamiko kwa amani, bila silaha. Haki hiyo mmeitumia vizuri.

Kwanza niseme wazi mipaka ya afisi yangu. Kwa mujibu wa Katiba, shule za upili ziko chini ya serikali ya kitaifa. Kaunti inasimamia elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, na pia inatoa basari. Kwa hivyo sikuja kufuta amri ya mwalimu mkuu. Nimekuja kwa sababu nyinyi ni watoto wa kaunti hii, na wengi wenu mnasoma kwa msaada wa basari hiyo.

Mnalalamikia mambo manne. La kwanza, kila siku ya mtihani wote mfike saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hata kama karatasi yenu ni ya saa nane mchana. La pili, anayechelewa hufungiwa lango mpaka aje na mzazi. La tatu, mwenye deni la karo au la chakula cha mchana hurudishwa nyumbani siku hiyo hiyo ya mtihani. La nne, mnataka siku zisizo na karatasi kila mtu aje akipenda.

Tutenganishe mtihani wa kitaifa na mitihani ya shule.

Kwa KCSE, saa hazijadiliwi. Karatasi za asubuhi huanza saa mbili, za mchana saa nane. Kanuni za Baraza la Mitihani, KNEC, zinasema kwamba anayefika zaidi ya nusu saa baada ya mtihani kuanza, kwa kawaida haruhusiwi kuufanya. Msidhani huo ni ukatili. Karatasi hizo huhifadhiwa katika kontena zenye ulinzi, mkuu wa shule huzichukua siku yenyewe, na polisi huzisindikiza. Zikishafunguliwa, swali linaweza kusafiri kwa simu kutoka kituo kimoja hadi kingine kwa dakika chache. Mtahiniwa aliye nje saa hiyo anaweza kulipata. Kanuni hiyo inamlinda yule aliyekesha akisoma.

Kumbukeni pia kwamba KCSE huandikwa msimu wa mvua za vuli. Mwaka 2023, mvua za El Niño zilifurisha mito katika sehemu nyingi za nchi, barabara zikakatika wakati wa mtihani. Mzazi ambaye mtoto wake huvuka mto asingoje asubuhi ya karatasi ndipo atazame maji. Amtafutie mapema jamaa wa kumlaza upande huu.

Lakini mitihani ya mwisho wa muhula na ile ya majaribio ina saa zilizopangwa na shule, na shule inaweza kuzipanga upya. Mwalimu mkuu ameeleza sababu zake, nazo ni za kweli. Wanafunzi wakiachwa mjini mpaka mchana, wengine huishia sokoni au stendi ya bodaboda. Mwanafunzi akiumia huko, anayeulizwa ni mwalimu. Kwa upande wenu, kuna anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, gizani, kwa miguu. Msichana anayepita njia ya shamba saa hiyo yumo hatarini kuliko yule anayengoja karatasi nyumbani. Kanuni iliyowekwa kwa ajili ya usalama haifai kuwa ndiyo inayomtoa mtoto nje usiku.

Kuhusu karo, nitasema bila kuzunguka. Hatuwezi kumwambia mwanafunzi kwamba kukosa mtihani ni kosa, kisha sisi wenyewe tukamrudisha nyumbani ili aukose. Deni ni la mzazi. Wazazi nanyi msijifiche: mpishi na muuza mahindi wanadai. Ukiwa huna, njoo useme unacho nini na utamaliza lini.

Asubuhi ya leo tumeketi na bodi, mwakilishi wa wanafunzi akiwemo, kama Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inavyotaka. Tumekubaliana hivi. Katika mitihani ya shule, wenye karatasi ya asubuhi watafika kabla ya saa moja na nusu, na wenye karatasi ya mchana pekee watafika kabla ya saa sita. Atakayechelewa ataketi afanye mtihani kwa muda uliobaki, kisha aeleze baadaye. Hakuna atakayerudishwa nyumbani kwa deni siku ya mtihani. Nasi kaunti tutaikabidhi shule orodha ya waliopata basari kabla ya mitihani kuanza, ili mtu asidaiwe pesa zilizokwisha kuidhinishwa.

Ombi la nne bodi imelikataa, nami naunga mkono. Daftari la mahudhurio ndilo la kwanza kutuambia kwamba mtoto ametoweka: ameozwa, amepata mimba akaona haya, au amepewa bodaboda aendeshe. Tukisema aje anayetaka, tutagundua siku ya karatasi, wakati tumeshachelewa.

Wanafunzi, hamkupata yote. Lakini mmepata matatu kwa ukurasa mmoja wa karatasi. Mnajua nchi yetu imewahi kushuhudia njia nyingine. Machi 2001, katika shule ya Kyanguli, Machakos, wanafunzi 67 walikufa katika bweni lililochomwa makusudi. Shule ina mabati na saruji za kujenga tena bweni, lakini watoto wale hawakurudi.

Walimu na bodi, usipoziba ufa utajenga ukuta. Barua kama hii ikija, ijibiwe kwa maandishi ndani ya wiki moja, hata kama jibu ni hapana. Anayejibiwa hapana hukasirika kidogo, lakini anayenyamaziwa hutafuta njia nyingine ya kusikika.

Makubaliano haya yatabandikwa leo kwenye ubao wa matangazo na nakala kuachwa afisi ya wadi. Atakayeona yamevunjwa, awe mwalimu, mzazi au mwanafunzi, apeleke taarifa kwa mwenyekiti wa bodi. Nawatakia watahiniwa wote kila la heri.